Kufuli Anakwenda Maskati

Nje ya duka la fundi cherehani, mjini Izki, pale falaji inapotokeza chini ya ukuta na kupeleka maji mashambani, kuna baraza la saruji. Likishapata kivuli baada ya alasiri hukaliwa na wanaume ambao serikali imeshawastaafisha ila wenyewe hawajakubali. Huwa kuna birika la kahawa ya iliki, sahani ya tende, na vikombe vichache vinavyozunguka midomo yote. Siku hiyo walikuwa na kazi ya maana. Zahran, wanayemwita Kufuli kwa sababu neno likishaingia kifuani mwake halitoki, alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa anakwenda Maskati kwa siku mbili. Kupima macho, alisema. Macho yake hayakuwa na ila hata chembe. Aliyekuwa Maskati ni mkewe, Mama Rayya, aliyekwenda kumlea binti yao mzazi. Arubaini ilikwisha zamani, mtoto sasa anajipindua mwenyewe kitandani, na bibi mtu hajarudi. Zahran siku hizi alikuwa akilala sebuleni, chumbani kumemshinda.

Wa kwanza kushika usukani wa safari alikuwa Dira, aliyeendesha malori ya mafuta ujana wake wote na anayeamini hakuna barabara Oman isiyomjua kwa jina.

— Barabara kuu usiiguse, alisema. Wahenga wamesema, njia ya mwongo ni fupi. Kwa hiyo wewe shika ile ndefu.

Zahran akakohoa, akajifanya tende imemkwama.

— Na ukifika mjini, pale kwenye madaraja yaliyopandana, usikunje kulia. Kuna mtu wa mji wa Adam alikunja kulia asubuhi, mpaka magharibi bado anazunguka. Mwisho akachoka, akapanga nyumba hukohuko.

— Mwongo mkubwa wewe.

— Wallahi. Ameoa na mke wa pili.

Aliyemwita mwongo ni Waziri. Hajawahi kuwa waziri. Alikuwa karani wa masijala wizarani, Maskati, na tangu arudi Izki huzungumza kama mtu aliyeacha nchi mikononi mwa watoto. Yeye hoja yake ilikuwa usafi. Gari lenye vumbi Maskati ni faini, alieleza, na hilo wote walilijua. Lakini hakuishia hapo. Faini ya gari ilizaa faini ya ndala, ya ndala ikazaa ya kanzu yenye doa la kahawa, na kabla kikombe hakijamrudia alikuwa ameshafika kwenye lifti ya jengo la kina Rayya.

— Ile lifti inaongea, alisema. Inakutajia ghorofa kwa sauti ya kike. Sasa wewe usiingie tu kama ng'ombe. Isalimie.

— Niisalimie lifti?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule mwenyeji ndiyo lifti.

Zahran alicheka nao, ila moyo wake haukuwapo. Alitaka kuwauliza jambo moja tu, na kila akilifungulia mdomo linageuka swali la maegesho. Akauliza, kama mtu anayepitisha wakati, wanawake wa huku hupaonaje Maskati. Yaani wakikaa.

Angejua asingeuliza. Waziri aliweka kikombe chini.

— Tatizo la Maskati ni kiyoyozi, Kufuli. Mtu wa milimani damu yake nyepesi. Ikipigwa baridi ile mchana kutwa, inaganda. Kwanza anasahau ladha ya tende za kwao. Halafu anasahau njia. Nimeona kwa macho yangu.

— Na bahari, alidakia Dira. Mwanamke akiizoea bahari, mlima anauona kama ukuta wa jela. Binamu yangu alikwenda kumfuata mkewe, akamkuta anatembea ufukweni na viatu vya mbio. Akamuuliza, mama, unakwenda wapi? Akajibiwa, siendi popote, natembea tu. Bwana yule alirudi peke yake na gari.

— Ndiyo mjue, alisema Waziri, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako keshapewa jembe.

Walikuwa wakitania. Wanampenda Kufuli, na kila mmoja kwa wakati wake alishamletea bakuli la wali kutoka kwake bila kusema kwa nini. Lakini yeye maneno yalimwingia. Alimwona mkewe kando ya maji, na viatu vya mbio, haendi popote.

Hapo ndipo alipokuja Ustadhi Bakhit, mwalimu mpya kutoka Salala, ambaye hata kukaa barazani alikuwa hajazoea. Wote wakasimama, mikono ikapeanwa, na alipotulia wakamtimizia ada.

— Kuna habari, Ustadhi? Kuna jipya?

— Hakuna habari, hakuna jipya. Kwenu je?

— Hakuna habari, hakuna jipya.

Kahawa ikamiminwa, tende zikasogezwa. Mwalimu akaelezwa safari, lifti, kiyoyozi na bahari. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamgeukia Zahran.

— Samahani, mzee wangu. Mama mnaongea naye?

— Kila siku. Saa hizihizi nampigia.

— Akikuuliza habari, unamjibuje?

— Nimjibuje? Kama watu wanavyojibu. Hakuna habari, hakuna jipya.

Dira alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni.

— Sasa yeye atajuaje kwamba unamtaka nyumbani? aliuliza Bakhit.

Waziri alilitazama birika. Dira aliitazama falaji.

Zahran akatoa simu. Hakuondoka pale. Iliita, ikapokewa, na sauti ya mkewe ikatoka wazi, wote wakaisikia.

— Kuna habari, Baba Rayya? Kuna jipya?

Zahran aliisogeza simu karibu na mdomo.

— Ipo.

Habari ikiwapo, kwao, huwa ni msiba.

— Nani amekufa?

— Hajafa mtu.

— Zahran, usinifiche. Nani?

— Nimesema hajafa mtu. Hata kuku wako wazima. Ni mimi tu. Nyumba imenishinda, Ghaliya.

Wanaume wakainamisha vichwa, maana jina la mke halitajwi barazani, na hilo lilikuwa limetajwa mchana kweupe. Zahran mwenyewe hakujali. Alisikia mtoto akilia kwa mbali, mlango ukifungwa, kisha pumzi ya mtu aliyekaa chini.

— Kila siku unaniambia hakuna jipya, alisema Ghaliya. Nikasema basi, mzee amepata raha yake.

— Raha gani?

— Ningeijulia wapi? Unakuja lini?

— Ijumaa. Dira anasema nishike njia ndefu. Nitalala siku mbili.

— Usilale, alisema. Shika ile fupi, uje asubuhi. Utanikuta nimeshafunga mizigo.