Mfumo Uliobebeshwa Lawama Zetu

Mgeni wetu rasmi, Citoyen, yaani Raia, Mkurugenzi wa kampuni, pamoja na wote mlioacha kazi zenu mkaja kukaa nasi: karibuni chumba cha kompyuta, karibuni Lubumbashi. Sisi wachapaji wa kadi zinazosomwa na mashine tumemtuma Mama Rabia atusomee.

SHUKRANI

Tunakushukuru kwa moyo mkunjufu. Kabla hujatuletea mashine hii, orodha ya unga wa familia za wachimbaji ilitushikisha kalamu wiki mbili nzima. Leo inatoka kwa mchana mmoja, na akina mama hawapangi tena foleni ya bure. Asante sana, tena sana.

MFUMO NA SIFA YAKE

Mashine inaongozwa na mfumo endeshi, yaani maagizo ya ndani yanayoiambia kazi gani itangulie na ipi ifuate. Mfumo wetu unatumiwa na ofisi nyingi duniani, na kila mahali unatukanwa. Sasa tunajua kwa nini. Ukifanya kazi, hakuna anayeutaja. Kadi ikipinda, umeme ukikatika, kidole kikiteleza, jina linalochapwa kwenye karatasi ya hitilafu ni lake. Na watumiaji wakiwa wengi, midomo ya kuusema ni mingi. Mfumo mdogo wa hesabu wa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Kenya hapa mjini hausemwi na mtu, maana anautumia peke yake.

YALIYOTOKEA

Mwezi wa sita mashine ilizimika siku tatu mfululizo, kila siku saa sita kasoro. Tukapiga kelele kuulaumu mfumo: "Système hii iko mubaya." Mumba, mwangalizi wa mashine, akatujibu, "Muache kuitukana. Haina na kosa."

Ulipokuja, Citoyen, ukamwuliza, "Kama si système, ni nani?" Mumba alitutazama mmoja mmoja. Alijua akikosa jibu ataadhibiwa, na mkewe Kapinga alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba ni ya kampuni. Hata hivyo akajibu, "Siyue, Citoyen."

Kwa jibu hilo la kutojua akahamishiwa Sakania, mbali mpakani, kuhesabu mabehewa ya treni, na mfumo ukaandikiwa barua ya kuondolewa.

OMBI

Mgeni rasmi, Mumba alijua. Baridi ya mwezi wa sita hugandisha bukari, ugali wetu, nasi kila asubuhi tulipanga sahani zetu juu ya mashine, pale kwenye matundu yanayotoa hewa ya moto, ili chakula kisipoe. Matundu yakaziba, mashine ikazidiwa na joto, ikajizima. Zilikuwa sahani kumi na moja, na yake haikuwemo. Alitukataza mara mbili, tukamwambia ana maringo. Halafu akatufichia. Tunaona haya, na tunampenda.

Mtoto amezaliwa, bado hajabebwa na baba yake. Hatuombi mashine mpya wala mfumo mwingine. Tunaomba Mumba arudi. Ikiwa mabehewa ya Sakania hayawezi kukosa mtu, chagua mmoja wetu. Majina yote kumi na moja yako chini ya karatasi hii. Ukipenda kuanza na aliyeweka sahani ya kwanza, usihangaike kumtafuta. Ni Rabia, huyu anayekusomea.

Mungu akurudishe nyumbani kwa amani, awajaze wanao afya na nyumba yako furaha.

Ni sisi, Wachapaji wa Kadi, Chumba cha Kompyuta, Lubumbashi.