Baiskeli Inayopiga Magoti

Benchi letu la Kansanga lina miguu mitatu na tofali. Liko ubavuni mwa kibanda cha Nusura, mama wa kahawa ya tangawizi, na mimi hukaa upande wa tofali nikishona viatu vya watu, masikio wazi. Wenyeji wa benchi ni wawili. Kombati, yaani mzee Komakech, alistaafu jeshi lakini koti lake bado liko kazini. Spoku, yaani Wanyama wa Busia, alibeba abiria mpakani kwa baiskeli miaka tisa kabla ya kuja kuuza spea hapa, na hakuna chenye pedali asichokijua; ukitaka kubisha, uje na chakula cha mchana. Jumamosi ile, mwaka ule jiji lilipongoja wageni wakubwa wa serikali, barabara zilipokuwa zikipakwa rangi, ubishi wa mpira ulikufa ghafla saa mbili asubuhi. Tarcisio, askari wa geti kule Bugolobi, alitokea akisukuma baiskeli ambayo sijawahi kuona mfano wake. Nasema wazi, sindano ilinidondoka.

Tarcisio: Wazee, nisaidieni. Odero, yule wa baiskeli za mitumba, amenipa niangalie mpaka birika ya Nusura iishe. Ikiisha, anataka jibu, nanunua au sinunui. Kuna mtu wa Kawempe naye anaitaka.

Sote tulijua shida yake. Baiskeli yake nyeusi ilikatika shingo Jumatatu pale Namuwongo, mkewe Akidi akiwa nyuma. Akidi ana nyonga mbovu tangu alipoanguka kwenye lori wakikimbia vita kaskazini. Kila alfajiri Tarcisio humfikisha jikoni anakopika, huko huko Bugolobi, ndipo aende getini kwake. Bodaboda za pikipiki zinamrusharusha mpaka analia. Kwa hiyo wiki nzima mama wa watu alikuwa akitembea, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye kuta za wenyewe.

Spoku: Weka hapa kwa mwanga. Mtu asiguse! Eh! Eh, jamani!

Kombati: Hii ni pikipiki. Wameiba injini.

Spoku: Afande, hii ni ya kushuka milima. Wazungu wanapanda juu na gari, halafu wanashuka na hii kwenye mawe, mbio, wanaruka mpaka hewani.

Nusura: Wanashuka wanaenda wapi?

Spoku: Hawaendi mahali. Wanashuka tu.

Mtu kushuka mlima kwa nguvu zake zote, na hana pa kwenda, ni jambo la kuheshimu.

Spoku akavua kofia, akaiweka kwenye benchi, akaanza kazi. Nimemcheka Spoku mara nyingi, lakini siku ile nilimwona fundi. Alipitisha kidole kwenye zile nguzo mbili nene za mbele, akakinusa.

Spoku: Kavu. Kama oili ingekuwa inatoka kwa spring, hapa ungeona pete nyeusi. Tarcisio, ile yako ilikatikia wapi?

Tarcisio: Hapa, chini ya usukani.

Spoku: Basi tuanze hapo. Rangi ikijikunja kama ngozi ya maziwa, ujue chuma imepasuka ndani. Hapa ni kazi ya ukucha.

Akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole, akizunguka shingo yote. Nusura alishika birika juu ya kikombe cha mteja bila kumimina.

Spoku: Hakuna kitu. Hii shingo ni ya ng'ombe.

Akabana breki ya mbele, akaitikisa huku na huku kusikiliza kama kuna mahali panacheza. Akazungusha magurudumu, hayakuyumba. Akagonga spoku, zile nyaya za gurudumu, moja moja kwa kijiti, akakuta moja inaimba vibaya, akasema hiyo ni homa ndogo, itapona kwa nusu mzunguko wa spana.

Kombati: Ngoja. Mimi nabana breki na kidole moja tu, na gurudumu imekufa hapo hapo! Wazee walisema kidole moja hapana vunja chawa. Walidanganya. Hii kidole moja inavunja chawa na mama yake.

Spoku: Ni oili inasukuma, afande. Wahenga hawakuwa na oili. Tarcisio, panda.

Tarcisio akapanda. Na hapo baiskeli ikashuka chini, taratibu, mbele na nyuma, kisha ikatulia.

Nusura: Bannange! Imepiga magoti!

Kweli ilipiga magoti. Nusura ni Muganda, amelelewa kupigia wakubwa magoti akiwasalimu, na nilimwona ameweka mkono kifuani.

Nusura: Kale, hii mtoto imelelewa. Samaki mkunje angali mbichi, ssebo. Huyu walimkunja mapema.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kusalimiwa. Mimi nilikaa, ikainama kidogo, kadiri ya fundi viatu. Kombati alikaa na koti lake na tumbo lake, ikainama sana.

Kombati: Umeona? Imejua cheo.

Spoku: Imejua ugali.

Kombati: Wewe Mkenya nyamaza. Hii chuma ni ya ndege. Ndege ikianguka, wanachukua chuma wanatengeneza hii, ndiyo maana haiogopi kuruka. Tungekuwa nazo kumi kule msituni, vita ingekwisha asubuhi, mchana tunakula.

Spoku: Mimi nakuambia kubwa zaidi. Hii spring ina akili. Shimo ikilipiga mara ya kwanza, inaliweka kichwani. Kesho ikifika hapo inajinyanyua yenyewe.

Mimi: Spoku!

Spoku: Haki ya Mungu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hii imesikia.

Nusura: Basi Akidi atapona. Balabala yote ya kwenda Bugolobi, kila shimo itamkanda nyonga, kama vile tunakanda mama aliyezaa. Asubuhi anakandwa, jioni anakandwa.

Kombati: Miezi mitatu, fimbo anatupa.

Spoku: Miezi miwili. Krismasi anacheza kanisani, mtamuona.

Tunaweza kusema mengi pale benchi, lakini siku ile hatukuwa tunatania. Tulimpenda yule mama, na mbele yetu kulikuwa na chuma kilichotengenezwa na watu waliofikiria maumivu ya mgongo wa mtu mpaka kwenye skrubu ya mwisho. Tarcisio aliipanda tena, akaelekea kule kwenye mtaro ambao huvunja magari ya watu, akaupita, akageuka, akarudi. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Tarcisio: Nimepita juu ya mtaro. Sijasikia. Wazee, sijasikia kitu.

Akatia mkono mfuko wa ndani wa sare, kwenye pesa. Ng'ambo ya barabara Odero alikuwa ameshatokea, anangoja magari yapite. Nusura aliinamisha birika, kahawa ikatoka uzi mwembamba, ikajaza kikombe nusu.

Hapo ndipo Akidi alipokuja, akishika ukuta wa duka la dawa, kisha ukuta wa kinyozi. Watu walikuwa wamemwambia kuna ajabu kwa Nusura. Tulisimama wote kumsalimu.

Tarcisio: Njoo uone, mama. Bonyeza hapa.

Akidi akaweka kiganja kwenye kiti, akabonyeza. Baiskeli ikampigia magoti. Akacheka, na wiki nzima sikuwa nimesikia kicheko chake. Akabonyeza tena. Kisha akaizunguka polepole na fimbo yake, akagusa nguzo za mbele, akagusa shingo, mahali kama pale palipomwangusha Jumatatu, akafika nyuma. Mkono wake ukapapasa juu ya gurudumu la nyuma. Hapakuwa na kiti cha abiria, hewa tu.

Akidi: Ni nzuri sana. Na mimi nitakaa wapi?

Magari yalipita. Kombati alikohoa.

Kombati: Odero ana keria. Tunachomelea keria hapa, na mto juu, kwisha.

Spoku alikalia kile kiti kwa uzito wake wote. Baiskeli ikapiga magoti, na gurudumu la nyuma likapanda mpaka pale pale ambapo Akidi angekaa; hata keria isingepata nafasi. Akashuka, akachukua kofia yake, hakuivaa.

Spoku: Miaka tisa nimebeba watu nyuma. Miaka tisa.

Odero alifika akifuta jasho.

Odero: Birika imeisha?

Nusura aliipindua, likadondoka tone moja la tangawizi.

Tarcisio akatoa mkono mfukoni, mtupu. Akamrudishia Odero ile baiskeli kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto wa jirani. Odero akapanda, ikamwinamia na yeye, akaondoka nayo kuelekea mjini. Ilipita juu ya mtaro bila sauti. Akidi aliifuata kwa macho mpaka ikapotea.

Akidi: Lakini imelelewa. Imenipigia magoti.

Kombati akasogea kushoto, Spoku akasogea, mimi nikaondoa viatu vya watu kwenye benchi kumpisha. Akidi akakaa upande wa tofali, akanyoosha mguu.