Ndoo Iliyokaa Juani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima joto la bahari, Mama Nyuzi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, majira ya baridi yakiwa ukingoni. Jina tulimpa wenyewe: ukimsabahi asubuhi, anakujibu kwanza bahari ina nyuzi ngapi.

Tuliokaa naye chumba cha ramani tunamjua. Kalamu nyekundu kwa maji ya vuguvugu, ya buluu kwa maji baridi, kidevu mkononi, macho dirishani. Unamwita mara tatu ndipo arudi nchi kavu. Ndiye aliyetufundisha kwamba dhoruba za baridi hazipiti ovyo. Zinanyonya joto la maji, na hupenda kufuata mpaka ule wa nyekundu na buluu. Mpaka ukisogea, na njia ya dhoruba inasogea.

Basi mwaka wake wa kumi na mbili kazini si akatutia aibu! Alichota maji kwa ndoo iliyokaa juani kwenye sitaha, kipimajoto kikasoma nyuzi mbili zaidi, akatangaza dhoruba. Mji mzima ukajifungia ndani, na siku ikapita shwari, hata pazia halikutikisika. Kesho yake alisimama mkutanoni akasema kosa ni lake. Tulimtania hadi tukachoka, na mdogo wake, nahodha wa kivuko, ndiye aliyezidi.

Majira ya baridi yaliyofuata, nyekundu ikasogea tena hadi karibu na bandari. Nani angemwamini? Mkuu wetu alimwonya kwamba akikosea tena, kalamu zile atapewa mtu mwingine. Mama Nyuzi alipanda mashua mwenyewe, akaiweka ndoo kivulini, akachota mara tatu. Akatangaza. Mdogo wake alipiga simu kulalamika kwamba dada anamfanya kichekesho, lakini aligeuza kivuko na abiria wake sitini. Saa nane mchana dhoruba ikapita njia ile ile ya kivuko, mawimbi yakiruka ukuta wa bandari.

Jioni nahodha alifika ofisini akichuruzika maji, utani wake akiwa nao tayari. Ukamshinda. Alimkumbatia dada yake akalia kama mtoto, nasi tukajifanya tunasoma ramani.

Dada yetu, asante sana. Watu sitini walirudi kwao kwa sababu ulikubali kuchekwa mara ya pili. Tunakuombea siku ndefu za amani, uitazame bahari kutwa nzima, usiandike chochote.