Malengelenge Mawili ya Binti Zacharie

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la Mama Angèle, muuza kahawa wa karibu na maporomoko ya Wagenia, Zacharie hakuwa na hamu hata ya kahawa. Juzi mkewe Lydie alijifungua binti, na mtoto alitoka na malengelenge mawili ya maji juu ya kifundo cha mkono. Zacharie aliyaona kutoka mlangoni, akakimbia. Tangu hapo alikuwa hajamgusa mwanawe, na roho ilimuuma. Wenzake, ambao hakuwaomba ushauri, walikuwa wanamjaza nao.

— Ni moto, alisema Patrice, fundi wa mota za mitumbwi, ambaye benchini wanamwita Moteur. Lydie alikuwa anapika majani ya pondu karibu sana na moto. Tumbo ikachemka.

— Hapana! alikataa Sylvain, mwalimu mstaafu wanayemwita Directeur. Mutoto alisikia kelele ya maji mu tumbo miezi kenda. Maji ikamuingia mu ngozi.

— Donc watoto wote wa hapa wangekuwa na maji mu ngozi? Moteur akauliza.

— Wengine hawasikiaka muzuri.

Moteur akaona viganja vya Zacharie vilivyochubuka.

— Alors, bibi yako alipokuwa karibu kuzaa, weye ulifanya nini?

— Nilifunga nguzo za mitego ya samaki, Zacharie akajibu polepole. Na kamba.

— Ni ile! Ulifunga mukono ya mutoto. Kata kamba yote, atapona.

Mitego ile ndiyo iliyowalisha. Zacharie hakubisha. Alichukua kisu, akasimama.

Hapo mama mkwe wake, Mama Pélagie, akatokea akitoka maternité, hospitali ya wazazi, mtoto kifuani, Lydie akija nyuma taratibu.

— Kisu ni ya nini?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Akawasikiliza hadi mwisho.

— Bon. Nani kati yenu amemuangalia huyu mutoto muzuri?

Directeur akachungulia kikombe chake.

— Munganga wa maternité alimuangalia mwili muzima, alisema Lydie. Hana homa, hana kidonda ingine. Alisema tusipasue, tusipake mafuta. Ikiongezeka, tumurudishe mbio.

— Lakini imetoka wapi? Zacharie aliuliza.

Mama Pélagie alimwekea mtoto mikononi. Binti akakunja uso, akapeleka kifundo cha mkono mdomoni, akanyonya palepale penye malengelenge, kwa bidii.

— Alianza kufanya vile mu tumbo, Lydie akasema. Ni ile tu ilileta malengelenge.

Zacharie akacheka na kulia kwa mpigo mmoja, mbele ya watu wote, bila aibu.

— Iko na njaa, alisema. Binti yangu iko na njaa tu!