Popo Wawili Ndani ya Bati la Biskuti

Ijumaa asubuhi, mtaa wa Al Mansoura, huku ughaibuni, mwaka 2011. Benchi letu liko nje ya duka la fundi viatu, na chupa ya kahawa ni yangu, ndiyo maana nalazimika kuwavumilia watu hawa. Gerishon, Mkenya tunayemwita Afande kwa kuwa analinda geti la shule moja, alikuja bila salamu, akafungua bati la biskuti. Ndani mlikuwa na mifupa ya popo wawili, myembamba kama njiti, vichwa vimechomoka. Jana alikuwa akifunga dirisha la maabara, akaliangusha sanduku lao. Popo mmoja alikuwa mla wadudu, mwingine mnyonya maua, na Jumapili asubuhi, wiki ya shule ya huku ikianza, mwalimu anawafundishia. Nilimhurumia, kusema kweli.

AFANDE: Wakijua ni mimi, visa inakatwa. Nina watoto wawili shuleni, jameni. Kichwa gani kinaenda wapi?

PROFESA (ndiye Shabani, mpishi wa hoteli kutoka Tanga): Nimechambua kuku miaka kumi, mfupa haunidanganyi. Huyu mwenye meno makali ni mla wadudu. Huyu mdomo mrefu, vijino havina kazi, ni wa maua.

AFANDE: Hiyo hata mimi nimeona! Miili je?

INJINIA (Philip, dereva, injini hajawahi kufungua): Wa maua huelea hewani kama helikopta. Mpe kifua kipana.

PROFESA: Thubutu! Anayekimbiza mbu ndiye mwenye kifua.

INJINIA: Basi tupime kiuno. Mla sukari hunenepa.

PROFESA: Mifupa inanenepa? Tazama miguu. Mla panzi lazima aruke kama panzi!

AFANDE: Nyinyi mnacheza, mimi nafukuzwa!

Alipiga benchi kwa ngumi. Kichwa kimoja kiliruka, nikakidaka kwenye kanzu yangu. Shamira, Mganda wa kazi za ndani, alikuwa akipita na mkate wake, akasikia, akasimama.

SHAMIRA: Vimetokaje shuleni?

AFANDE: Anayekagua mifuko getini ni mimi. Nikajipitisha.

SHAMIRA: Na sasa hivi getini yuko nani?

AFANDE: Tom. Mpaka Jumapili jioni. Huyo hufungua hata kontena la wali.

SHAMIRA: Sasa utavirudishaje, kaka?

Nilimmiminia Afande kahawa, hakuipokea. Alifunika bati, akalishika kwa mikono miwili.