Scholastica na Boila la Bagara

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni au dukani, naomba mnitegee sikio. Leo tunamkumbuka Scholastica Leonard, mhandisi wa kiwanda cha kukamua alizeti, Bagara, hapa hapa Babati mjini. Alikuwa mhandisi. Na alikuwa mwoga. Mama yake ameniruhusu niseme hivyo.

Alizaliwa Dareda, kwa wakulima wa mahindi na maharage. Chuoni aliongoza darasa. Lakini wiki yake ya kwanza kiwandani, mkono wa shati la fundi mkuu, Mzee Basil, ulinaswa na mashine. Scholastica alikuwa kando ya swichi. Mashine ile alikuwa ameisoma yote. Hata hivyo, hakuweza kuinua mkono. Aliyekimbia kuzima ni Kindness, anayeshona magunia. Mzee Basil alipoteza vidole viwili.

"Alirudi nyumbani jioni ile," anasimulia mama yake, Mama Edda. "Baadaye akaniambia, mama, nilikuwa naona damu, na mwili umeganda."

Mzee Basil, au Baba Allen kama wenzake wanavyomwita, alipopata nafuu, Scholastica alimfuata nyumbani kwake, Nangara.

"Shikamoo, Baba Allen."

"Marahaba, injinia."

"Nimekuja kuomba msamaha. Na kuaga. Kazi naacha."

"Huko uendako utaogopa hivyo hivyo. Rudi, tufanye wote. Mikono inafundishika."

Akarudi. Miaka ikapita akishika spana, akiungua, akijifunza. Woga haukumwisha. Kila asubuhi alisimama kwanza mlangoni pa chumba cha boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, akivuta pumzi. Wenzake walimcheka.

Mwezi uliopita, mchana, boila lilianza kutoa mlio mgeni. Maji yalikuwa yamekauka ndani, na moto unawaka. Mzee Basil akakimbilia koki ya maji.

"Usifungue!" Scholastica alipiga kelele. "Ukiingiza maji ya baridi sasa, litapasuka!"

"Miaka yote nalijaza mimi!"

"Halijawahi kukauka hivi, Baba Allen. Toka! Watoe watu!"

"Sikumwamini," anasema Mzee Basil. "Nilitoka kwa sababu ya uso wake. Sijawahi kuona mtu ameogopa vile."

Watu wakakimbilia barabarani. Scholastica akabaki. Kindness, akichungulia kwa mbali, alimwona akizima feni inayopuliza moto, kisha akihangaika kufunga njia ya maganda ya alizeti yanayolisha moto. Akafunga. Hapo bomba likaachia, mvuke ukamchoma.

Boila halikupasuka. Narudia, wasikilizaji wapendwa: boila halikupasuka. Wenzake wote wako hai. Scholastica alifariki hospitalini, siku chache baadaye.

Tangu msiba nimesikia mabishano mtaani. Wapo wanaosema shule ndiyo iliyookoa watu. Wengine wanasema ni ufundi. Nilimuuliza Mzee Basil. Akasema, "Mimi peke yangu ningewaua wote. Na yeye, alivyokuja siku ya kwanza, angesimama tu akatuangalia tukifa."

Pole sana, Mama Edda. Poleni ndugu, poleni wafanyakazi. Mungu awape nguvu.

Jumatatu kiwanda kinafunguliwa. Kindness ameniambia anaogopa kuingia, na hajui amwambie nani kazini. Nawe unayenisikiliza, fundi au msomi, kesho kazini kwako mtu akisema anaogopa, usimcheke. Muulize ameona nini.