Mwalimu Naziha, Aliyekaa Peke Yake Barazani

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Lamjed, mdogo wake, naomba tutulie tumkumbuke dada yetu Naziha binti Salah Wertani, aliyezaliwa tarehe 9 Oktoba 1958 hapa hapa Ain Sabra, mtoto wa tatu wa mkulima wa mizeituni, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu, kisha chuo cha ualimu mjini Kef alikohitimu mwaka 1978, akafundisha hesabu hadi alipostaafu 2018, na wengi mliokaa hapa amewafundisha kujumlisha.

Julai 1983 aliolewa na Bwana Mongi Hamdi wa shirika la reli, wakajaliwa Rim na Walid.

Mwaka 2011, baada ya mapinduzi, sote tulipanga foleni ya kura tangu alfajiri, kisha tukachoka, yeye hakuchoka. Tarehe 6 Mei 2018 aligombea udiwani ili jaa la taka liondolewe nyuma ya nyumba zetu, akashindwa kwa kura tisa, na waliokuwa mkahawani siku ile wakicheza karata na kulaani moshi wa jaa walizidi tisa, tunajuana.

Baraza la madiwani lilipoita wakazi watoe maoni kuhusu jaa hilo, alipita mlango kwa mlango kuomba tuende naye, huyu ana mgeni, yule anasema wote ni wezi, hata shemeji yetu Mongi akamwambia, "Naziha, siasa ni tope, utachafua viatu bure." Akamjibu, "Tope limeshafika mezani, mume wangu, wewe bado unachunga viatu." Akaenda peke yake, na baraza likatangaza kwamba wakazi hawana pingamizi.

Mwaka 2021 alianza kukohoa, madaktari wa Kef wakasema ni mapafu, wakamkataza moshi, kana kwamba moshi ule huomba ruhusa kuingia. Januari mwaka huu, baraza lilipotaka kulipanua jaa, alikuwa hawezi kusimama, basi Mongi, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga pale, akavaa koti akaenda, akarudi jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Nilikuwa peke yangu." Dada akamshika mkono, "Sasa umeujua ubaridi wa chumba kile."

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Februari 2023, alfajiri, mumewe na Rim wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kef, walimu wenzake waliomsomea Kurani, na ninyi majirani, mliojaa uani, ngazini na barabarani, hata viti vya mkahawa vimeletwa huku, sikujua kama mtaa huu una watu wengi hivi, wala yeye hakuwahi kujua. Uamuzi wa kulipanua jaa utapitishwa Alhamisi, saa nne asubuhi, Mongi atakwenda, na ukumbi ule ni mkubwa.

Mwenyezi Mungu akurehemu, dada, ulale kwa amani, vuta pumzi sasa.